Cha Juu ni cha Nani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Pana ada imeingia katika miji yetu ya pwani, na imezoeleka hata watu hawaionei haya tena. Mtu akitaka kuuza nyumba yake au fleti yake humwendea dalali, na swali la kwanza la dalali huwa ni hili: "Wewe wataka ngapi mkononi?" Mwenye nyumba hutaja bei yake. Dalali huitikia, hushika njia, akaiuza nyumba kwa bei aijuayo yeye, na kinachozidi hukitia mfukoni. Hicho ndicho kiitwacho "cha juu". Mwenye nyumba haambiwi nyumba yake imeuzwa kwa kiasi gani, na mnunuzi haambiwi mwenye nyumba amepata kiasi gani. Wamewekwa pande mbili za ukuta mmoja, na dalali ndiye ukuta wenyewe.

Nataka kusema waziwazi kwamba ada hii ni mbaya, na kwamba wa kulaumiwa si dalali peke yake. Wenye nyumba ndio wanaomchagua, nao humchagua vibaya. Nitasema zaidi juu ya Mombasa na sheria za Kenya, kwa kuwa ndiko niliko, lakini mwenye akili wa Lamu au wa Malindi atajiona humu humu.

Kwanza tusimdhulumu dalali. Udalali wenyewe ni kazi ya halali. Madalali walikuwapo Madina wakati wa Mtume (S.A.W.). Sahaba Qays bin Abi Gharaza (R.A.) amesimulia kwamba wao walikuwa wakiitwa kwa jina la madalali, na Mtume akawaita kwa jina lililo bora zaidi, la wafanyabiashara, kisha akawausia wachanganye biashara yao na sadaka, kwa sababu haikosi maneno ya upuuzi na viapo. Na Imamu Bukhari ameweka mlango mzima juu ya ujira wa dalali, akataja wanavyuoni wakubwa, kama Ibn Sirin na Ata, ambao hawakuona ubaya katika ujira huo. Basi mtu asitoke hapa akasema, "Sheikh ameharamisha udalali." Tunalolikataza ni hila iliyoingia katika kazi hii.

Dalali uliyemkabidhi nyumba yako ni wakala wako. Anasimama pahali pako. Ulimi wake ni ulimi wako na mkono wake ni mkono wako. Na mafakihi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameyaeleza mambo ya wakala kwa ufafanuzi mkubwa. Wakala akiachiwa auze bila ya kutajiwa bei, hana ruhusa ya kuuza kwa hasara iliyo dhahiri chini ya bei ya soko. Akitajiwa bei, hana ruhusa ya kuuza chini yake, lakini anaweza kuuza kwa zaidi maadamu hakukatazwa. Na wala hajiuzii mwenyewe mali aliyopewa aiuze. Sasa, akiuza kwa zaidi, ile zaidi ni ya nani? Ni ya mwenye mali, kwa kuwa ni thamani ya mali yake.

Anayetaka mfano na autazame mfano wa Urwa al-Bariqi (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja akamnunulie mbuzi. Urwa akanunua mbuzi wawili kwa dinari ile moja, kisha akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi kwa Mtume na mbuzi na dinari pia. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake, na inasimuliwa kwamba baada ya hapo hata lau angelinunua mchanga angelipata faida. Lau Urwa angelikuwa dalali wa siku hizi, angelimpelekea Mtume mbuzi mmoja, akafyata ulimi, na dinari akala. Na angelisema, "Si amepata mbuzi wake aliyemtaka?"

Hayo ndiyo maneno tunayoyasikia barazani kila siku: "Mimi nimepata nilichokitaka, kilichozidi ni riziki yake." Ndugu yangu, ulichokitaka ulikitaja kwa kutojua! Uliitaja milioni 6 kwa kuwa hukujua kwamba fleti yako ina thamani ya milioni 7 na laki 2. Na huyo uliyemwendea akujulishe ndiye aliyekaa kimya. Utamwitaje mtu unayemlipa awe macho yako, naye akakufumba?

Mwenye kusoma kidogo atanijibu: "Lakini Ibn Abbas (R.A.) alisema si vibaya mtu kumwambia mwenziwe, uza nguo hii, na kinachozidi kiasi kadha ni chako." Ni kweli, maneno hayo yamepokewa kwake, na wako waliomfuata. Lakini wanavyuoni wengi, na ndiyo njia ya madhehebu yetu, hawakuukubali ujira wa namna hiyo, kwa sababu haujulikani kiasi chake. Huenda ukawa mwingi na huenda usiwepo kabisa. Na hata hao walioruhusu, waliruhusu jambo lililosemwa wazi, mwenye nguo akijua na akiridhia. Hakuna hata mmoja aliyeruhusu dalali amwambie mwenye nyumba kuwa mnunuzi ametoa 6, hali ametoa 7 na kitu. Huo ni uongo na khiyana, wala hauhitaji kitabu.

Sasa tutazame madhara yake kwa hesabu. Tuseme marehemu ameacha fleti moja Tudor. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Warithi wamesema wanataka milioni 6, dalali ameuza kwa 7,200,000. Cha juu ni 1,200,000. Hizo ni pesa za mirathi, na Mwenyezi Mungu amekwisha kuzigawa mwenyewe. Thumuni ni ya mjane, nayo ni shilingi 150,000. Zinabaki 1,050,000, mtoto wa kiume ana mafungu mawili, shilingi 525,000, na kila binti ana fungu moja, shilingi 262,500. Kila shilingi aliyoichukua dalali ina jina la mtu juu yake. Na kama katika watoto hao yumo aliye mdogo, basi ameila mali ya yatima, na Qur'ani imekwisha kueleza ale nini huyo katika tumbo lake.

Na lau angelikuja kwa mlango wa mbele? Tuseme wangelipatana asilimia 3 ya bei. Asilimia 3 ya 7,200,000 ni shilingi 216,000. Angelizipokea mchana kweupe, na warithi wangelibaki na 984,000 zaidi ya ile milioni 6 yao. Halafu tunasikia watu wakisema, "Ya nini kumlipa dalali asilimia? Ni ghali. Bora huyu asiyetaka kitu kwangu." Asiyetaka kitu kwako! Hapana dalali mwenye gharama kubwa kuliko anayekwambia hataki kitu.

Wala mnunuzi hakusalimika. Ili cha juu kifichike, mkataba huandikwa milioni 6, na zile 1,200,000 hupitishwa pembeni, bila ya risiti. Ushuru wa stempu katika mji ni asilimia 4 ya thamani. Hapo shilingi 48,000 zimefichwa serikali, na jina lililo katika hati ya uongo ni la mnunuzi na la muuzaji, dalali hayumo. Kisha mnunuzi naye siku moja atataka kuuza. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya kuuza mali nchini Kenya ni asilimia 15, nayo ilikuwa asilimia 5 kabla yake. Ikiwa nyumba haimo katika zilizosamehewa, faida yake itahesabiwa kutoka ile milioni 6 iliyoandikwa, si 7,200,000 alizotoa. Atalipa shilingi 180,000 kwa faida ambayo hakuipata. Na kama mauzo yakivunjika njiani, atadai vipi pesa ambazo hazimo katika karatasi? Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee.

Basi tuje kwa wenye nyumba. Mnamchaguaje dalali? Nimeyatazama mambo haya miaka mingi, na naona watu huchagua kwa njia tatu, zote mbovu.

Wako wanaomchagua anayetaja bei kubwa. Madalali watatu wakija, mmoja akasema 6, mmoja 7, na wa tatu akasema 10, nyumba atapewa wa tatu. Maneno hayana ushuru. Angeweza kusema hata 15. Akishaipata nyumba, ataiacha miezi ikae bila mnunuzi, kisha ataanza kukuteremsha kidogo kidogo, mpaka umechoka na umeingia katika haja, hapo ndipo atakapokuletea mtu wake kwa 5. Na wengine huleta wanunuzi wa bandia, huyu akatoa bei ya dharau na yule akaikebehi nyumba, ili uone kwamba mali yako haina soko. Mtume (S.A.W.) amekataza najshi, nayo ni mtu asiyetaka kununua kujitia katika bei ili amhadae mwenziwe. Huku kushusha bei kwa wanunuzi wa bandia ni ndugu yake najshi, mama mmoja baba mmoja.

Wako wanaomchagua jamaa. "Ni mwana wa ami yangu, nitamwandikishaje mkataba? Ataona simwamini." Ajabu ya maneno haya! Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, imekuja kuamrisha deni liandikwe na washuhudiaji wawepo, na mauziano yashuhudiwe. Aya hiyo haikuwatoa wana wa ami. Kuandikiana hakuvunji udugu. Undugu huvunjwa na cha juu kikifichuka, na hapo nyumba imekwenda na mwana wa ami amekwenda.

Na wako wanaomchagua kwa sura ya dini. Ana ndevu, ana alama ya sijida, haikosi safu ya kwanza. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar (R.A.), na Umar akamwuliza kama ni jirani yake, au amesafiri naye, au ameamiliana naye kwa dinari na dirhamu. Aliposema hapana, Umar akamwambia pengine alimwona tu msikitini akiinua kichwa na kukiinamisha, basi hamjui. Hiyo ndiyo mizani. Usiulize anasali wapi. Nenda kwa waliouziwa nyumba naye, uwaulize kama walipewa hesabu yao kamili.

Katika Suratul Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Zote mbili zatakikana. Mwaminifu asiyejua kazi atakupoteza kwa nia njema, na hodari asiye na amana atakula mali yako kwa ustadi.

Nguvu ya dalali ni ujuzi wake na kutambulika kwake. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, Sura ya 533, ya mwaka 1984, nayo inataka kila anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na bodi. Kumbe wangapi katika wanaokaa maskani na rundo la funguo wamesajiliwa? Mwulize cheti chake, na ulitafute jina lake katika orodha ya bodi. Si kwamba kila aliyesajiliwa ni mwema, lakini aliyesajiliwa ana mahali pa kushtakiwa. Kisha umpime kwa maswali. Je, fleti yako ina hati ya namna gani? Sheria ya mwaka 2020 ya majengo yenye umiliki wa sehemu sehemu ilitaka hati za zamani za ukodishaji wa muda mrefu zigeuzwe. Dalali asiyejua hayo atakuletea mnunuzi, na mnunuzi atakimbia wakili wake atakapoisoma hati. Na kama ni nyumba isiyo na ardhi, kama zilivyo nyingi katika mitaa yetu ya Mombasa, ambapo kuta ni zako na kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi, je, atamwambia mnunuzi hivyo tangu mwanzo?

Uaminifu wake utaujua kwa masharti. Mwekee haya yafuatayo, na ukimwona anakasirika, mshukuru Mungu kwamba umemjua mapema.

1. Ujira wake utajwe na uandikwe kabla hajaleta mtu. Asilimia wameiruhusu wanavyuoni wengi wa zama zetu, kwa kuwa hujulikana bei inapojulikana. Anayetaka kutoka katika khitilafu na atamke kiasi maalumu cha shilingi.

2. Iandikwe kwamba bei yote atakayotoa mnunuzi ni ya mwenye nyumba, na kwamba dalali hana chochote zaidi ya ujira wake.

3. Mnunuzi akutane nawe, au na wakili wako, kabla ya kutia saini, na aulizwe mbele yako: "Umetoa kiasi gani?" Swali hili moja linaua cha juu. Dalali anayekuzuia kumwona mnunuzi amekwisha kukujibu.

4. Kama atapokea ujira kwa mnunuzi pia, mjue nyote wawili na mridhie. Na kama mnunuzi ni yeye mwenyewe au mtoto wake, aseme, na hapo awe mnunuzi tu, asiwe tena wakala wako.

5. Usimpe hati yako ya asili. Nakala yamtosha kuonyesha watu. Hati ya asili ikae kwa wakili wako.

6. Malipo ya awali, ambayo kwa ada ni asilimia 10, yapitie kwa mawakili, yasipitie mfukoni mwa dalali.

7. Mpe muda maalumu, kama miezi 3, yeye peke yake. Ukiwapa madalali kumi, kila mmoja ataitangaza nyumba kwa bei yake, na watu watasema ina kasoro. Na kabla ya yote, mlipe mthamini aliyesajiliwa akwambie bei ya nyumba yako. Ukiijua bei, nusu ya hila imekufa.

Walio ughaibuni, Jeddah, Dubai au London, wanaouza kwa simu na kwa kumwachia mtu hati ya uwakilishi, ni wa kuyashika haya mara mbili. Na wanaouza mali ya mirathi wasimpe dalali hata ufunguo kabla ya kwenda kwa Kadhi wakajua nani mrithi na fungu lake ni lipi, na wakapata idhini ya mahakama ya kusimamia mali. Mrithi mmoja hana ruhusa ya kuuza fungu la mwenziwe kwa sababu yeye ndiye mkubwa, au ndiye anayeishi karibu.

Na wewe mwenye nyumba usijione umetakasika. Unamtaka dalali mwaminifu kwako, je, unamtaka awe mwaminifu kwa mnunuzi? Au wamwambia, "Usiseme kwamba bombani mnatoka maji ya chumvi, usiseme kwamba dari inavuja masika, usiseme nadaiwa ada ya jengo ya miaka miwili"? Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikakutana na umajimaji, akamwambia mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na akasema kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Ukimfundisha dalali kumdanganya mnunuzi asubuhi, usishangae akikudanganya wewe jioni. Umemsomesha mwenyewe.

Neno la mwisho ni kwa madalali, na humo mna wanafunzi wangu niliowasomesha. Najua mtasema, "Tukitaja ujira wazi, watu hutukwepa, wakishaonyeshwa nyumba, huuziana wenyewe nyuma yetu wakatunyima haki yetu." Ni kweli, hutokea, na anayemnyima dalali ujira wake baada ya kazi ni dhalimu, Mtume amehimiza mwajiriwa apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka. Lakini dawa ya dhuluma hiyo ni mkataba, ule ule ninaowataka wenye nyumba wauandike. Karatasi hiyo inawalinda nyinyi kama inavyowalinda wao. Mwizi hujitetea kwamba na yeye aliibiwa, na hakuna kadhi aliyeupokea utetezi huo.

Nyumba kwa wengi wetu ndiyo mali pekee tutakayoiacha. Mzee aliijenga kwa mshahara wa bandarini, au mama aliinunua kwa kuuza dhahabu yake. Inauzwa mara moja tu, na bei ikishagawanywa haikusanyiki tena. Anayeiuza na amchague mwenye nguvu na mwaminifu, aandike, ashuhudishe, na aulize mbele ya mnunuzi. Na dalali na akumbuke dinari ya Urwa, aliyeirudisha ilhali hakuna aliyejua kuwa anayo.

Mwenyezi Mungu atupe chumo la halali na atukinai nalo. Amin. Wabillahi tawfiq.